Kondoo Mwenye Utepe Hauzwi

Wiki iliyopita mliniacha zizini, nimepiga magoti kwenye samadi, nikimwimbia Bi Utepe amkubali mwanawe. Wengi mmeuliza kama alimkubali. Alimkubali. Laiti shida zangu zote zingekuwa za kuimbiwa.

Kwa aliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Nabuchi, mjane wa Chogtu. Mume wangu alifukiwa na makaa ya mawe machimboni, mwaka wa tatu huu. Aliniachia binti, Saruul, anayesoma shule ya bweni mjini. Aliniachia baba mkwe, mzee Galsan. Na aliniachia kondoo, juu ya mteremko mmoja wa nyasi uliozungukwa na mahindi ya watu kila upande.

Bi Utepe ndiye kondoo tuliyemweka wakfu kwa jina la Chogtu, mwaka ule homa ilipotaka kumchukua. Kondoo wa namna hiyo anafungwa utepe shingoni, hachinjwi, hauzwi, anazeeka mpaka afe mwenyewe kama bibi wa mtu.

Na Hada mnamkumbuka. Shemeji yangu, mdogo wake Chogtu, aliyelima fungu lake lote mahindi akanunua gari. Yeye ndiye aliyekuwa akiutaka mteremko wangu usiku na mchana.

Basi asubuhi ile alikuja kunywa chai. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, akajimwagia mtama wa kukaanga ndani ya bakuli, akaanza uchokozi kabla hata hajanywa.

"Shemeji, kondoo leo umewapa nini?"

"Wamekula."

"Najua wamekula. Wamekula nini?"

Nikammiminia chai. Jibu alikuwa nalo.

"Wamekula mahindi yangu!" Alicheka mpaka mtama ukamtoka mdomoni. "Baba, umesikia? Malisho yamefungwa kwa amri mpaka nyasi ziote, kondoo wako ndani. Shemeji ananunua mahindi kwangu awalishe. Halafu anauza mwana-kondoo anilipe mimi. Sasa hapa mfugaji nani? Mfugaji ni mimi! Namfuga yeye kwa mahindi!"

Mzee Galsan hakucheka. Mimi pia sikucheka, ingawa kusema kweli lilikuwa pigo zuri.

"Cheka tu," nikamwambia. "Kisima chako mwaka huu kimefika wapi?"

Akaacha kutafuna.

"Nakuuliza. Baba yako alikuwa anachota maji kwa kamba ya kufungia ndama. Wewe mwaka jana uliongeza bomba, na mwaka huu umeongeza tena. Mahindi yako yanakunywa maji ya wajukuu."

"Maji yapo."

"Yapo chini. Hata wafu wapo chini."

"Ee, shemeji una mdomo."

"Na bei ikianguka kama mwaka ule? Mahindi uliyarundika uani mpaka yakaota ukungu. Mimi bei ikianguka nangoja. Kondoo anazidi kunenepa, ananizalia. Gunia lako limewahi kuzaa? Kondoo ana miguu, Hada. Mvua ikikosekana hapa anaifuata huko ilikonyesha."

Hada akaweka bakuli chini. Akaniuliza taratibu, bila kejeli, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Anaifuata wapi?"

Nikatazama nje, upande wa zizi.

"Waya huku, waya kule. Kushoto mahindi ya jirani, kulia mahindi yangu. Miguu anayo, aende wapi? Na sufu je? Mwaka jana mkataji alitaka ujira kuliko bei ya sufu yenyewe, mkamtandikia mbwa. Na baada yako atachunga nani? Saruul?"

"Saruul anawapenda kondoo."

"Saruul anapenda simu."

"Mteremko haulimwi," nikasema. "Nyasi ukizipindua juu chini hazirudi, kinachorudi ni mchanga. Chogtu asingekubali kamwe."

Uso wa Hada ukabadilika. Alisimama, akachukua kofia yake.

"Mtaje mtu mwingine yeyote," akasema. "Wewe usinitajie Chogtu. Wewe ni wa mwisho kunitajia Chogtu."

Siku ile sikuelewa. Nilidhani ni hasira za mtu aliyeshindwa hoja.

Sote wawili tukamgeukia mzee, maana mteremko ulikuwa fungu la Chogtu lakini neno la mwisho lilikuwa la mzee. Mzee Galsan akazungusha bakuli lake mkononi, akalilamba likawa safi, akasema jambo lisilohusiana kabisa.

"Nabuchi, kesho nenda mjini ukamwone mtoto. Mpelekee jibini kavu. Lala huko, upumzike."

"Na kondoo, Baba?"

"Mimi nililisha kondoo kabla baba yako hajaota ndevu. Nenda."

Na mimi mjinga nikafurahi. Nilidhani mzee amenihurumia.

Saruul alinipokea langoni mwa shule akiwa na rafiki zake wawili. Alikuwa amerefuka. Nikamkumbatia, akakumbatika nusu, macho yake yakiwa kwa wenzake.

Mmoja wao akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama. Nyumbani mnalima nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mwanangu akajibu, "Mahindi. Mashamba makubwa."

Nilimeza. Wenzake walipoondoka nikamuuliza, "Saruul, mahindi tumeanza lini?"

Akaangalia viatu vyake. "Wanasema nguo zangu zinanuka kondoo, mama."

Nikainua mkono wa koti langu nikanusa. Mimi sikusikia harufu yoyote. Mtu hainusi nyumba yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "tukiwa hatuna kondoo, utahamia huku? Babu alisema..."

"Babu alisema nini?"

"Hakuna."

"Babu yako alisema nini, Saruul?"

"Hakuna, mama. Jibini tamu." Na alikuwa hata hajaionja.

Nikalala kwenye nyumba ya wageni nikigeuka kama chapati. Asubuhi nikapanda gari la kwanza. Kwenye kilima, kabla ya kuona nyumba, huwa nawasikia kondoo. Siku ile nilisikia upepo tu.

Zizi lilikuwa wazi. Mlango umeegemezwa vizuri ukutani, kama mtu anavyoegemeza mlango asioutaka tena. Ndani hamkuwa na hata mmoja. Mzee hakuwapo, Bi Utepe hakuwapo, mwanawe hakuwapo.

Sikulia. Hasira ilitangulia. Nilichukua upawa wa chai, sijui kwa nini upawa, nikakimbia mpaka kisimani kwa Hada. Nilimkuta amelala kifudifudi, mikono yote miwili ndani ya pampu.

Nikampiga nao mgongoni.

"Wewe mwanamke! Umepagawa?"

"Kondoo wangu wako wapi?"

"Kondoo gani?"

"Mwizi! Umengoja niende kumwona mtoto!"

"Shemeji, tangu jana niko na hii pampu, imekufa. Angalia mikono. Sijainua kichwa. Naapa kwa Chogtu."

"Usiape kwa maiti niliyemzika mimi!"

Nikachukua pikipiki yake niende kwa mnunuzi wa kondoo. Alipiga kelele, nikaendelea. Katika maisha yangu nimeendesha pikipiki mara chache, na zote nikiwa na akili timamu, isipokuwa hiyo.

Nilijua nimechelewa kuwaokoa. Nilikuwa nakwenda kwa jambo jingine. Kwetu mnyama akiuzwa, mwenyewe humnyofoa sufu kidogo akaiweka nyumbani. Mnyama anakwenda, baraka inabaki. Asiponyofolewa, anaondoka na kila kitu, na zizi lile halitajaa tena. Na Hada hana habari na hayo. Mtu anayeuza kwa lori, atanyofoa hindi gani? Basi nikasema, kama nimepoteza kondoo, baraka ya Chogtu sitaipoteza.

Uani kwa Lao Sun nilisikika kabla sijaonekana. Huyu ni mnunuzi wetu wa siku nyingi, anayekijua Kimongolia vizuri sana wakati wa kununua na kukisahau wakati wa kulipa. Nikapita mbele yake bila salamu, nikaruka waya.

Kondoo wangu wakanijia mbio. Wote. Nikamshika wa kwanza, nikataka kumnyofoa mgongoni, jicho langu likaangukia nyuma ya sikio la kushoto.

Palikuwa pamenyofolewa tayari.

Nikamshika wa pili, hivyo hivyo. Kipara kidogo, nyuma ya sikio la kushoto. Wa tatu. Yule mwenye pembe iliyopinda. Yule tuliyemlea jikoni. Kila mmoja.

Nikakaa chini. Nyumbani kwetu mtu anayenyofoa nyuma ya sikio la kushoto ni mmoja tu. Wengine wote hunyofoa mgongoni.

"Dada, simama, utachafuka," Lao Sun akasema kutoka ng'ambo ya waya. "Mzee wenu alituchosha jana! Mmoja mmoja. Anamnyofoa, anamnong'oneza, anamsukuma aende. Dereva wangu amevuta sigara mpaka zikaisha."

"Mzee Galsan mwenyewe?"

"Kwani kuna mwingine? Yule wa utepe na mwanawe hakuwaleta. Nilimwambia ongeza na hao, akaniangalia hivi... nikaacha."

"Nirudishie. Nitakupa ulichotoa na zaidi."

"Dada." Aliacha kutabasamu, na sikuwahi kumwona bila tabasamu. "Hawa si wangu tena. Lori la machinjio lile linaingia."

Nikageuka, nikaliona likirudi nyuma kuelekea langoni. Nikaruka waya, nikaondoka. Kondoo wakanifuata kwa ndani, wakitembea sambamba nami, mpaka waya ukaisha. Walidhani nimekuja kuwatoa.

Hapo ndipo nililia. Nililia njia nzima, machozi na mchanga vikaniganda usoni.

Nilimkuta mzee juu ya kitanda cha matofali. Mfuko wa ngozi mapajani, umejaa sufu. Bi Utepe amefungwa kamba mlangoni, mwanawe ananyonya. Mzee alikuwa amevaa kanzu yake ya sherehe, ile ya buluu.

Nikasahau adabu zote nilizofunzwa.

"Baba, kwa nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai! Miaka mitatu nimelala na kondoo wale. Nimewapasha joto kwa kifua changu. Hada alinizunguka kila siku nawe ukanyamaza, nikasema mzee yuko upande wangu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

"Nilikuwa upande wako, mwanangu. Ulikuwa unakaa hapa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Chogtu! Kondoo ni wa Chogtu! Mteremko ni wa Chogtu!"

Mzee akaufunga mfuko, akaufungua, akaufunga tena.

"Chogtu alitaka kulima," akasema.

Nilidhani uzee umempanda kichwani.

"Alisimama hapo hapo uliposimama. Akasema, Baba, kondoo hawatoshi, mtoto ataanza shule ya bweni, niruhusu nilime nusu ya mteremko. Nusu tu. Nikamwambia, siku utakayoitia jembe nyasi ile usiniite baba. Hakubishana. Wiki ile ile akaenda machimboni."

"Uongo. Aliniambia anakwenda kutafuta hela za kuongeza kondoo."

"Angekwambia nini? Kwamba baba yangu amenifukuza kwa ajili ya nyasi? Hakutaka unichukie."

Nikashika nguzo ya mlango. Kila jike aliyekataa mwanawe nilimwimbia mpaka sauti ikaniisha, na kila nilipoimba nilijisemea, Chogtu ananisikia, Chogtu anafurahi.

"Nilikuwa namwimbia yeye," nikasema.

"Ulikuwa unauimbia ukaidi wangu." Machozi yalikuwa yakimtiririka mzee wa watu ndani ya ndevu, wala hakuyafuta. "Kila majira ya kuzaa nilikusikia, nikataka kusema, nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ningesema, ungeondoka."

"Na sasa mbona umesema?"

"Sasa nataka uondoke. Nilizungumza na Saruul kwa simu. Mtoto analia, Nabuchi, anakuficha tu. Mimi nilikufungia kwenye zizi lile pamoja nao, kwa sababu ukiondoka wewe, nani ataniita baba?"

Nyuma yangu kitu kikaanguka. Nikageuka. Hada alikuwa amesimama kizingitini, kofia yake miguuni pake. Alikuja kufuata pikipiki. Alikuwa amesikia.

"Mimi nilidhani ni yeye," akasema, akinionyesha kwa kidole kilichojaa grisi. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Miaka yote hii, Baba. Nilidhani ni huyu aliyemkatalia. Nilidhani amemuua kaka kwa kupenda kondoo. Nimemkejeli, nimempandishia bei ya mahindi makusudi, nawe unakunywa chai, unasikiliza."

Mzee akaukumbatia mfuko wa sufu.

Ndipo upepo ukatulia kidogo, na sote tukausikia muungurumo. Si barabarani. Juu, upande wa mteremko.

"Baba," nikasema, "nani yuko kule?"

"Nimemkodi mtu wa trekta wa kijiji cha pili, asubuhi nilikwenda na Bi Utepe kumwonyesha mipaka. Nilitaka awe amemaliza kabla hujarudi. Usione."

Sikumbuki nilivyoifungua kamba. Nakumbuka tu nikikimbia na Bi Utepe, mwanawe akirukaruka nyuma yetu, Hada akihema ubavuni mwangu. Nyasi zilikuwa zimeanza kutoa ncha, kijani kidogo tu, ile inayoonekana ukiinama.

Trekta lilikuwa limekwisha kupindua ukingo mzima wa chini. Udongo ulikuwa mweusi, unanuka vizuri, Mungu anisamehe. Ulikuwa udongo mzuri. Hata mimi niliona mahindi yangeota pale.

Hada akakimbia mpaka mbele ya trekta, akainua mikono yote miwili.

"Simama!" akapiga kelele. Hada wa mahindi. Hada aliyeutaka mteremko ule usiku na mchana. "Simama, nakwambia! Hii ndiyo nyasi iliyomla kaka yangu, haiwezi kwenda bure!"

"Endelea!" Sauti ya mzee ikatoka nyuma yetu. Alikuwa amepanda kilima kwa fimbo, kanzu ya buluu inapeperuka. Galsan wa kondoo, aliyemfukuza mwanawe kwa ajili ya nyasi. "Endelea, lima! Alichoniomba ni nusu tu, mpe wote!"

Dereva, mtu mzima mwenye kitambaa usoni kuzuia vumbi, alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaniona mimi na kamba mkononi. Akazima injini.

"Mama," akasema, "mzee aliponikodi aliniambia shamba ni la mjane wa mwanawe. Bila shaka ni wewe. Niendelee au niache?"

Bi Utepe alikuwa ameinamisha kichwa. Anakula ncha za nyasi kwenye ukanda uliobaki, hatua chache kutoka kwenye jembe, utepe wake ukigusa udongo mweusi. Mwanawe akamwiga.

Wote watatu wakaningoja.

Siku zote, nikikwama, humuuliza Chogtu moyoni, naye hunijibu, na jibu lake lilikuwa kondoo. Nikamuuliza tena pale pale, mbele yao.

Sikusikia kitu. Mwenye kunijibu miaka yote hii nilikuwa mimi mwenyewe. Chogtu alikuwa ameshatoa jibu lake, siku alipoomba nusu ya mteremko akanyimwa, akachukua taa ya machimboni akaenda.

"Mama," dereva akarudia, "nasubiri neno lako."